Kanuni zangu za maksi za Kemia Kidato cha Tatu: wazazi na walimu, zichambueni kabla sijazibandika ukutani

Ticha wa Kemia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kemia shule ya kata. Madarasa yamejaa, na kila ripoti zikitoka ugomvi ni uleule. Mzazi anafika ofisini na karatasi mkononi: "Mwalimu, mwanangu daftari lake safi, shule haachi, mbona Kemia ana F?" Muhula huu nimeamua kuziandika kanuni zangu mapema, kila mtu ajue maksi zinatoka wapi na zinapotelea wapi. Naziweka hapa. Mkiona upuuzi semeni.

Kuhusu mipaka ya madaraja sina cha kubuni. Kidato cha Nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Darasani natumia hiyohiyo. Zipo shule ambazo testi ya ndani C inaanzia 40 ili ripoti ipendeze, mtoto anaishi kwa raha mpaka siku ya mtihani wa Baraza la Mitihani. Mimi hapana.

Karatasi ni mbili. Nadharia saa 3, maksi 100. Praktiko saa 2 na nusu, maksi 50, maswali mawili ya 25 kila moja. Jumlisha mwenyewe: 50 kati ya 150 ziko maabara. Kwa hiyo kila muhula nitakuwa na testi za nadharia na angalau testi moja ya praktiko inayohesabika kwa uzito huo. Anayejificha nyuma ya wenzake wakati wa titresheni (kudondosha asidi kwenye besi kwa bureti mpaka zimalizane) ajue anachokitupa.

Sasa jambo ambalo najua litaleta maneno. Maksi ya Kemia itapima Kemia tu. Sitoi maksi za daftari. Sitoi maksi za mahudhurio. Sikati maksi kwa kuchelewa, kelele, shati kutochomekwa wala michango. Makosa hayo yana wenyewe: mwalimu wa zamu, mwalimu wa nidhamu, mzazi. Mtoto akipata 38, iwe 38 ya anachokijua. Nikimkata kumi kwa utundu akawa na 28, nimemwambia mzazi kwamba mtoto hajui Kemia, na huo ni uongo. Nikimwongezea kumi kwa upole wake, uongo ni uleule, tofauti ni kwamba huu unapendwa.

Kazi za nyumbani nitazisahihisha ila haziingii kwenye wastani. Sababu mnaijua. Ukitoa maswali Jumatatu, Jumanne asubuhi mtoto mmoja kafanya na wengine wote wamekopi, mpaka makosa yanafanana. Nikizihesabu napima nani ana rafiki mzuri. Zinabaki za mazoezi. Asiyefanya atabaki baada ya vipindi azifanye mbele yangu.

Kwenye hesabu, jibu pekee ni maksi moja. Mfano: 25 cm³ za sodiamu kaboneti zimemalizwa na 24.00 cm³ za asidi hidrokloriki ya 0.1 M, tafuta molariti (ukolezi) ya kaboneti. Nagawa maksi 5: mlinganyo uliobalansi, uwiano wa moli (kipimo cha wingi wa chembe), kuweka namba kwenye kanuni, jibu, na kizio. Jibu ni 0.048 M. Sasa dogo mmoja anasahau kwamba moli moja ya kaboneti inahitaji mbili za asidi, anaweka 1:1, anapata 0.096 M. Kila kitu kingine kakifanya sawa. Huyo kwangu ana 4 au 3, kutegemea mlinganyo wake ulikaaje, kwa sababu kosa moja siliadhibu mara tatu. Pembeni yake yupo aliyeandika "0.048" tu, bila kizio wala mstari wowote juu yake. Ana 1. Akija kulalamika ninamwomba anioneshe ubaoni, na kawaida malalamiko yanaishia hapo.

Asiyefanya testi: sitaandika 0. Angalieni hesabu. Mtoto ana 50, 48 na 52, ni C safi. Siku moja hayupo, unamwandikia 0, wastani unashuka mpaka 37.5, anakuwa D. Kemia yake imepungua nini siku ile? Atafanya testi nyingine, maswali tofauti, Ijumaa mchana wenzake wakiwa michezoni. Asipofika na hapo, pale kwenye ripoti patabaki wazi na maelezo, mzazi aje tuongee.

Karatasi zilizosahihishwa zinarudi ndani ya wiki moja. Nikichelewa, darasa lina haki ya kunidai. Na sitasoma nafasi mbele ya darasa, wa kwanza nani, wa mwisho nani. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kwenye matokeo yaliyotoka Januari 2023. Sioni kwa nini mimi niendelee kumsimamisha mtoto wa 84 mbele ya wenzake.

Nawasilisha.

Mama Wawili

Mwalimu shikamoo, kama ni mkubwa kwangu. Mimi ndiye huyo mzazi wa daftari safi. Binti yangu anaandika hadi usiku, rangi nyekundu vichwa vya habari, bluu maelezo, michoro ya kuvutia. Kemia anapata 20, 23, 19. Muhula uliopita alipata 41 nikachinja kuku. Baadaye ndio nikaambiwa mwalimu wao alianza kutoa maksi 20 za daftari.

Kwa hiyo nikikusoma naumia lakini nakuelewa. Swali langu: hizo za daftari zikiondoka, mtoto kama huyu unamsaidiaje? Maana bidii anayo.

Ticha wa Kemia

Marahaba mama. Maksi zake za kweli ni zile 20 na kitu, na hizo ndizo zenye msaada, kwa sababu zinasema kuna kitu hakijaingia. Ile 41 ilikunyima nafasi ya kuuliza.

Mtoto wa namna hii mara nyingi ananakili vizuri lakini hajawahi kulifunga daftari akajaribu. Mwambie jioni achukue karatasi tupu, daftari likae chumba kingine, aandike alichokumbuka kuhusu mada ya siku ile, kisha afungue alinganishe. Ataona mwenyewe pengo liko wapi. Halafu muulize kuhusu moli. Kidato cha Tatu asipoielewa moli, robo tatu ya hesabu zinazofuata zinamzidi nguvu, na hakuna kalamu ya rangi itakayomwokoa.

Mtaaluma Mstaafu

Nimekaa ofisi ya taaluma miaka mingi, niruhusu nikupinge kidogo kijana wangu.

Alama za maendeleo zinazotoka shuleni zinachangia asilimia 30 na mtihani wa mwisho 70. Wewe kwa uadilifu wako unapeleka 27 za mtoto. Shule ya jirani inapeleka 60 za mtoto wa uwezo uleule. Siku ya mwisho wote wanapata 31 kwenye karatasi. Wako kaumia, wa jirani kapeta. Mkuu wa shule anakuita, na afisa elimu kata anataka kujua kwa nini. Utamjibu "nilipima Kemia tu"?

Nilishawaambia walimu wangu: usimwongezee mtoto kisichokuwepo, lakini testi yako isiwe ngumu kuliko ya Baraza. Walimu vijana wa sayansi wana ugonjwa huo. Anatoka chuo na maswali ya chuo, anawapa Kidato cha Tatu, darasa zima linapata chini ya 30, naye anatamba kwamba somo lake gumu.

Ticha wa Kemia

Mzee wangu, hilo la mwisho nalichukua lote. Testi zangu nazitunga kwa mpangilio wa karatasi ya taifa: sehemu A ya kuchagua na kuoanisha maksi 16, B maksi 54, C maksi 30. Anayejua mambo ya kawaida anatakiwa apite 45 bila miujiza.

La shule ya jirani sina jibu tamu. Ila nikianza kupika, nitapika kwa nani na nimwache nani? Mwenye 27 nikimpa 45, yule aliyehangaika akapata 45 kihalali nampa ngapi? Mwisho darasa lote lina B na mimi mwenyewe sijui tena nani hajui kubalansi mlinganyo.

Kijiti

Enzi zetu swali moja ukikosa fimbo moja. Ulipata 12 kati ya 20, unakula nane. Na tumetoka wahandisi. Nyie walimu wa sasa mnabembeleza sana, ndiyo maana madenti hawasomi.

Ticha wa Kemia

Mkuu, uliotoka nao wahandisi unawakumbuka. Walioacha shule kwa hofu ya Kemia hawako kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Na sheria iko wazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa kibali kwa maandishi, iandikwe kwenye kitabu, na iwe kwa kosa kubwa la nidhamu. Kuandika klorini kama Ch sio kosa kubwa la nidhamu.

Fundi Maabara

Ticha umeongea mengi ya nadharia, tuje kwangu. Una watoto zaidi ya 80, bureti ngapi? Shule nyingi ninazozijua unakuta bureti nne na mbili zinavuja. Hiyo testi ya praktiko unaihesabuje? Kikundi cha watoto ishirini bureti moja, mmoja anafungua koki, wawili wanatazama, waliobaki wanapiga soga. Kisha wote wanaandika 24.00.

Ticha wa Kemia

Hapa ndipo penye kazi kweli, asante kwa kunileta.

Nagawa praktiko mara mbili. Sehemu moja ni ya mikono, nyingine ya karatasi. Ya mikono nawaita wanne wanne, kila mmoja kituo chake, dakika kumi, mimi nimesimama na orodha. Naangalia vitu vichache: bureti kaisuuza kwa asidi ileile atakayoijaza au kwa maji tu? Chupa ya koni kaisuuza kwa maji, au kaisuuza kwa besi yenyewe na hivyo kuongeza moli zisizohesabiwa? Faneli kaitoa kabla ya kusoma? Jicho liko usawa wa kimiminika au kainamia kwa juu? Tone la mwisho kalikamata kiashiria kilipobadilika au kapitiliza mpaka MO (methyl orange) imekuwa nyekundu ya kukoza? Hayo huwezi kuyakopi kwa jirani. Darasa zima linanichukua wiki kadhaa za Ijumaa mchana na Jumamosi. Silalamiki, ila wenye ratiba ya kutunga wajue.

Ya karatasi kila mtu anafanya peke yake. Nawapa jedwali lenye usomaji halisi, pailoti (jaribio la kwanza la kukadiria) 24.80, kisha 24.00, 24.10 na 23.90. Aliyejumlisha pailoti anapata 24.20 na namjua papo hapo. Anayeielewa ataiacha pembeni, wastani 24.00. Halafu namuuliza kwa nini hapa tumetumia MO na si POP, kile kiashiria kingine (phenolphthalein). Akinijibu kwamba kaboneti ni besi dhaifu na asidi ni kali, na kwamba POP ingebadilika rangi kazi ikiwa nusu, huyo amefika.

Vifaa vikikosekana kabisa, asidi na besi bado vinafundishika. Choya zinachemshwa, maji yake mekundu yanakaa mekundu kwenye ndimu na siki, yanageuka kuelekea kijani kwenye maji ya majivu au magadi. Bomba la sindano bila sindano linapima ujazo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Haliwezi kuwa pipeti, na siku ya mtihani mtoto atapewa pipeti, kwa hiyo sitamwambia mkuu wa shule kwamba choya zinatosha. Zinatosha kufundisha wazo. Mkono unazoea kwa kushika kioo.

Fundi Maabara

Sawa hapo umenijibu. Ongeza moja kwenye orodha yako: anayenyonya pipeti kwa mdomo bila kuangalia, akameza, huyo sifuri ya siku hiyo. Usalama.

Ticha wa Kemia

Anatolewa maabara siku hiyo, anarudi kuijaribu tena akishajifunza. Maksi sifuri sitampa, rejea kanuni yangu ya mwanzo, haha. Ila nakubali, sheria za maabara atazisaini yeye na mzazi kabla ya kugusa chupa yoyote: asionje kitu, viatu vya kufunika, nywele zifungwe, asidi imiminwe kwenye maji na sio maji kwenye asidi.

Mkenya wa 233

Hamjambo majirani. Nafunza Kemia huku Pwani ya Kenya, na naona tunapigana vita sawa.

Kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Kemia ni karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya tatu ni praktiko alama 40. Mwalimu mwenzangu, hilo lako la kutoadhibu kosa moja mara tatu si huruma, ndivyo usahihishaji wa titresheni ulivyo huku. Jedwali lina alama 5: moja ya kulijaza kikamilifu, moja ya desimali, moja ya usahihi ukilinganishwa na usomaji wa mwalimu wa shule ile, moja ya kuchagua namba za kutafutia wastani, moja ya wastani wenyewe. Mtoto akikosa usahihi kwa sababu bureti yake ilikuwa na matatizo, zile nyingine bado anaweza kuzipata. Wanafunzi wangu wengi hawakuamini mpaka nilipowaonesha. Wakajua kwamba hata siku mbaya ukijaza jedwali vizuri huondoki mikono mitupu.

Tofauti ni mipaka. Nyinyi mnajua 45 ni C. Huku mipaka ya gredi za somo haijaandikwa popote kwamba itabaki pale kila mwaka. Kwa hiyo mzazi akiniuliza "alama 50 ni gredi gani?" nalazimika kumwambia ya shule ni hii, ya KNEC, baraza letu la mitihani, tutaiona.

Dogo wa PCB

Naomba nichangie kama mwanafunzi, niko Kidato cha Tano. Hiki mnachokiita maksi za huruma mimi nilikipata O-level. Kila muhula Kemia B. Nikajiona nimetusua. Kidato cha Nne nikapata C ya kubahatisha, 45 au 46 sijui, nikapangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Sasa hivi nafundishwa mambo ambayo yanadai nijue moli kwa kulala, na mimi najifunza moli upya usiku kwenye simu. Wenzangu waliotoka shule za "mwalimu mkali" wananicheka.

Ila Ticha swali. Kiingereza je? Mimi shule ya msingi nimesoma Kiswahili mwanzo mwisho. Kidato cha Tatu nilikuwa najua kwa nini chuma kinashika kutu, naweza kukueleza vizuri tu, lakini nikiandika kwa Kiingereza inatoka vipande vipande. Mwalimu alikuwa anapiga mkasi wote.

Ticha wa Kemia

Hongera kwa kufika huko, na moli hazijachelewa.

Kwenye testi zangu sarufi haina maksi. Ukiandika "iron it rust because oxygen and water is there", umetaja chuma, oksijeni na maji, maksi zako zote unazo. Ninapokata ni pale neno likibadilisha Kemia yenyewe. Ukichanganya kloridi na klorini, au atomu na ayoni, hiyo sio lugha tena, hiyo ni kitu kingine kabisa kwenye chupa. Maneno hayo nayabandika ukutani kila mada, na kila Jumatatu dakika tano za mwanzo ni kuandika sentensi mbili tu. Baada ya muhula mmoja unaona tofauti.

Mama Wawili

Mwalimu samahani narudi tena. Binti yangu anataka uuguzi, au utabibu ngazi ya diploma. Watu wananiambia D ya Kemia inatosha, kwa hiyo asijitese. Ni kweli?

Mtaaluma Mstaafu

Mama, nikujibu mimi. Utabibu wa diploma wanataka ufaulu kwenye Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D ni ufaulu. Kwa hiyo kwa karatasi ni kweli. Lakini D inaanzia 30. Anayelenga 30 akiteleza kidogo yuko 28, na 28 ni F, mlango umefungwa. Na nafasi zenyewe zinagombewa, wenye C na B wako foleni hiyohiyo. Mwambie alenge 45, akiteleza ataangukia D.

Na kwa mtoto anayepata 20 sasa hivi, Kidato cha Tatu, muda upo. Nimewaona wengi waliotoka huko. Huanza na praktiko, kwa sababu ndiko mtoto mwoga anakoziona maksi haraka.

Kijiti

Haya bwana, fimbo nimeziacha. Lakini mtoro? Mtoto anakimbilia mnadani siku ya testi makusudi, Ijumaa unampa testi nyingine, na maswali kashawauliza wenzake mada gani zimetoka. Huoni unamzawadia?

Ticha wa Kemia

Mada zitakazotoka huwa nimeshazitangaza kwa darasa zima wiki moja kabla, hana cha kuiba. Maswali ni mengine. Utoro wake unaenda kwa mwalimu wa nidhamu siku hiyohiyo, na mzazi anaitwa, hiyo haina mjadala. Na Ijumaa mchana wakati wenzake wako uwanjani na timu ya Kidato cha Nne inacheza, yeye yuko na mimi anahesabu moli. Kama hiyo ni zawadi, namtakia nyingi.

Rasimu naipeleka kwa mkuu wa shule kesho kutwa. Niliyoongeza kutoka hapa ni mawili: sheria za maabara kusainiwa na mzazi, na nakala moja ya testi iliyosahihishwa kwenda nyumbani kila mwezi, isiishie kwenye ripoti. Kama kuna mwenye mfano wa fomu ya usalama wa maabara kwa Kiswahili, aiweke hapa, niliyonayo ni ya Kiingereza na wazazi wangu wengi hawataisoma.

Fundi Maabara

Ninayo, ukurasa mmoja. Naipiga picha jioni nikirudi stoo, umeme ukirudi.